Jirani wa Upande wa Mashariki

Kaka Severini,

Katika kazi yangu ya habari jambo kubwa hutangulia, kwa hiyo nalitanguliza: Yordana wako ana shamba. Liko Mchombe, ni ekari tatu, lina karatasi, na mpunga umeshapandikizwa. Jambo la pili ni kwamba nina ugomvi na wewe. Nitaueleza nikifika mahali pake, na nakuomba usianze kucheka kabla.

Umeondoka masika mawili yaliyopita. Nikupe kwa ufupi yaliyobadilika. Mkeo, wifi yangu, bado anashona palepale barazani, ila cherehani sasa ina mota na analalamika kwamba inakwenda mbio kuliko mawazo yake. Mimi nimebadilishiwa miwani. Tangu lami ifike Ifakara kutoka Kidatu, wanaoulizia mashamba wamekuwa wengi, wanaouza nao wamekuwa wengi, na baadhi yao wanauza walichonacho. Waliokuwa wakikuita uwapimie walihangaika sana miezi ya kwanza. Muuzaji akija na mpimaji mfupi, mnunuzi anamleta shemeji yake mrefu. Nimeshuhudia ekari moja ikipimwa mara tatu kwa siku moja, na kila mara ikatoka na ukubwa wake.

Ekari kwa desturi yetu ni hatua sabini kwa sabini, na desturi haijawahi kusema ni hatua za nani. Wewe kwa miguu ile ungewatajirisha wanunuzi wote wa bonde. Badala yake ulichukua tepu ya kushonea ya mkeo, ukachora mistari uani, ukafanya mazoezi hadi hatua yako ikawa yadi moja, basi. Nilikukuta siku moja katika mazoezi hayo, mtu mzima, magoti umeyabana kama korongo aliyevaa kanga. Nikauliza una ugonjwa gani. Ukasema, "Usinichanganye, dada, niko arobaini na mbili."

Lakini watu hawakukuamini kwa ajili ya miguu. Walikuamini kwa sababu ulikuwa hupimi mpaka majirani wa pande zote nne wawe wamesimama, kila mmoja kwenye mpaka wake, kwa miguu yake. Yule mnunuzi wa kutoka Morogoro mjini, mwenye suruali nyeupe, ulimweka juani tangu saa tatu hadi saa saba kwa kuwa jirani mmoja alikuwa mtoni kwenye nyavu zake. Akasema basi tumpigie simu, atakubali. Ukamjibu kwa upole, "Simu haisimami mpakani, mzee." Nililiandika hilo kwenye daftari nikakuomba ruhusa ya kulitumia gazetini. Ulikataa. Ulisema ukitajwa gazetini watu watadhani unalipwa.

Msibani kwako sikulia. Nilikuwa na kazi ya kuandika majina ya wageni, na ni kazi inayohitaji macho makavu. Siku ya tatu wifi alinituma chumbani nikalete kitenge, nikaona viatu vyako vya shambani, vile virefu. Mtu alikuwa ameviosha akavisimamisha ukutani, vimeelekea mlangoni.

Basi. Tuendelee na habari.

Yordana amekuwa akikodi shamba kila msimu tangu aolewe. Unaujua mwendo wenyewe: unapewa magugu, unayang'oa, unainua kingo za majaruba, unasawazisha ndani maji yakae sawasawa, na mwaka wa pili mwenye shamba anapita, anaona limependeza, analitaka. Imemtokea mara nne. Mwezi wa sita, baada ya mavuno, alikuja kwangu, shikamoo yake ikatoka akiwa ameshakaa, akasema, "Shangazi, mashamba ya watu nimeyatengeneza ya kutosha. Mvua zijazo nataka zinikute kwangu." Alikuwa na akiba yake yote aliyoipata kwa kufuga nguruwe. Akiba ya namna hiyo mtu haweki mara mbili katika maisha. Akinunua vibaya, angebaki mkodishwaji hadi uzeeni, na yeye alilijua hilo kuliko mimi.

Dalali mmoja wa sokoni akamletea habari ya ekari tatu Mchombe, udongo mweusi, maji karibu. Mwenyewe ni Gaudensi, mchuuzi wa samaki ambaye muda mwingi yuko Malinyi. Nikasema ngoja nizikague karatasi kwanza. Nikaenda ofisi ya kijiji. Mtendaji akasema hana mgogoro wowote uliofika mezani kwake kuhusu shamba hilo. Nikauliza kama liko nje ya bikoni za mpaka wa hifadhi, maana nimewaandika watu waliouziwa ndani ya hifadhi na risiti wanazo. Liko nje. Nikauliza kama mke wa muuzaji ameridhia. Dole gumba lake lilikuwepo, la wino wa buluu. Barua ya mwenyekiti wa kitongoji ilisema Gaudensi ni mmiliki wa ekari tatu. Na karatasi aliyonunulia yeye Gaudensi? Dalali akasema imeliwa na mchwa.

Hapo ningepaswa kusimama. Sikusimama. Barua ya mwenyekiti ilikuwa na mhuri mzuri, duara lililokamilika, na mimi ninayesoma karatasi za watu mwaka wa ishirini na nane sasa nikamwambia mwanao, "Ziko safi." Nilikuja kujua baadaye kwamba mwenyekiti mwenyewe ana miaka miwili tu pale kitongojini. Kila masika alimwona Gaudensi akilima eneo lote, akaandika alichokiona. Hakudanganya. Mimi ndiye nilichukua alichokiona mtu nikakifanya umiliki.

Yordana alinisikiliza hadi mwisho. "Asante, shangazi," akasema. "Sasa majirani."

Tukaenda Jumamosi. Saa tatu asubuhi tulikuwa shambani, mabua ya mpunga yakitukwaruza miguu. Gaudensi alikuwa ametangulia: mnene, mcheshi, kofia ya ukili kichwani. Dalali yupo. Jirani wa kaskazini alikuja na mkewe. Wa magharibi akaja akiwa na jembe, akasema ana dakika kumi. Wa kusini alikuwa Mama Kwandu, mama wa Kisukuma wa umri wangu, ambaye watu wake waliingia bondeni na ng'ombe na sasa ng'ombe wamepungua na mpunga umeongezeka. Alisimama kwenye mpaka wake, mikono kiunoni. Ukabaki upande wa mashariki. Hakukuwa na mtu.

Yordana akauliza jirani wa mashariki ni nani.

"Mashariki ni matete," akasema Gaudensi, "na nyuma ya matete ni mto. Unataka nikuitie kiboko aje asaini?"

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, nakiri. Yordana hakucheka.

"Kiboko akija nitamkaribisha," akasema. "Ila mpaka sasa sijaona mtu."

Akakaa juu ya ukingo wa jaruba, akafungua mkoba wake, akatoa viazi vitamu vya kuchemsha, akaanza kumenya kimoja. Mtu anayemenya kiazi hana haraka. Dalali alijaribu kila njia. Alisema kuna mteja mwingine saa sita. Yordana akamwambia amwuzie huyo. Dalali akatazama simu yake kwa muda mrefu, na mimi niliyekuwa pembeni yake niliona haina chaji. Jirani wa magharibi, yule wa dakika kumi, aliweka jembe chini akaomba kiazi.

Ndipo Mama Kwandu alipofungua mdomo. "Binti," akasema, "ukaaji huo nimewahi kuuona. Siku ninanunua hapa kulikuwa na mtu aliyekaa hivyohivyo, akakataa kupima mpaka watu watimie. Naye alikuwa mrefu kama mnazi." Akasema ngoja akalete karatasi yake, habari ya huko mashariki isomwe, isisemwe kwa mdomo. Akaondoka kwa mwendo wake wa taratibu. Gaudensi alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Akasema jua la leo ni kali. Jua lilikuwa la kawaida.

Karatasi ilikuja ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya kopo la chumvi. Mama Kwandu alimpa Yordana aisome kwa sauti, kwa kuwa macho yake hayaoni karibu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake, na niliuona mwandiko kabla sijayaona maneno. Ulikuwa wako, Severini. Herufi zimelala upande kama zinapigwa na upepo.

Yordana akasoma jina la muuzaji, mzee mmoja aliyekata shamba lake vipande vitatu akauza siku moja kwa watu watatu. Akasoma kusini, magharibi. Akafika kaskazini: "Gaudensi, hatua mia moja na arobaini. Kutoka hapo hadi kwenye matete, Severini mpimaji, hatua sabini."

Baada ya hapo aliendelea kusoma bila sauti. Kisha akanipa mimi karatasi, akageuka kutazama theluthi ya mwisho ya shamba, upande wa mashariki, ambako mabua yalikuwa yamesimama sawa na mengine yote.

"Hatua sabini ni ekari," akasema jirani wa kaskazini, kana kwamba kuna aliyeuliza.

Gaudensi akakaa chini.

"Aliniazima," akasema. "Mwaka ule maji yalichukua mpunga wangu wote. Akaniambia lima na kwangu, mpaka utakaposimama."

"Na ulisimama lini?" akauliza Mama Kwandu.

Gaudensi akamgeukia. "Kusimama nilisimama zamani, mama. Kurudisha ndiko sikurudisha."

Hakuna aliyemtukana. Nadhani ni kwa sababu alilisema vizuri. Mengine alinieleza tukiwa tunarudi, bila kuulizwa. Kila mwaka alikusudia kuja kwako, na kila mwaka wewe hukudai. Habari ya kifo chako aliipata Malinyi, mwezi mzima ulikuwa umepita. Masika ya kwanza baada ya hapo alisema analima kwake na kwa marehemu. Masika ya pili alisema analima kwake. Kwamba mnunuzi ni mwanao hakujua, kwa sababu dalali alimtajia jina la mume. Alipomwona Yordana anashuka kwenye bodaboda alijua, kwa urefu tu, na tangu dakika ile alikuwa akiomba kimoyomoyo mashariki pasiulizwe.

Sasa ugomvi wetu.

Pale shambani nilimwuliza Mama Kwandu inakuwaje Severini awe na ekari Mchombe na nyumbani kwake asijue mtu. Akasema hajui ya nyumbani kwako, anachokumbuka ni malipo, kwa sababu yalimchekesha. Wao wawili walilipa fedha. Wewe ulilipa baiskeli. Mzee akaipanda palepale akaondoka nayo.

Nikauliza baiskeli gani.

"Nyekundu," akasema. "Ina kengele mbili."

Severini. Baiskeli nyekundu yenye kengele mbili niliitangaza redioni siku mbili mfululizo kwamba imeibiwa sokoni Ifakara, atakayeiona atoe taarifa. Nilitoa wajihi wake hadi mkwaruzo wa kwenye bomba. Nilifanya hivyo kwa sababu uliniomba, mbele ya mkeo, ukiwa na uso wa huzuni kabisa. Katika miaka yote ya kazi ni habari pekee ya uongo ninayojua kwamba niliitoa, na chanzo changu kilikuwa mtu ambaye watu wa bonde zima walimwamini kwa hatua zake.

Tulikwenda jioni hiyohiyo kumweleza wifi. Nilikuwa nimejiandaa kumshika mkono. Alizima mota, akasikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu, kama kengele zilikuwa mbili kweli. Baiskeli ile alikununulia yeye, kwa kushona sare za shule muhula mzima, unakumbuka. Halafu alianza kucheka. Alicheka hadi akashika cherehani asianguke. "Miaka yote nimemlaani mwizi yule," akasema, "kumbe nalala naye kitanda kimoja." Akacheka tena, na safari hii Yordana naye akacheka, mara ya kwanza siku ile. Nikaelewa kwa nini hukusema. Ungetaja ekari, ungeulizwa umelipa nini. Ukaona bora ekari ikae kimya kwa rafiki mwenye shida, na siku moja mambo yakipoa utaitaja. Kisha hukupata siku hiyo.

Kwa hiyo nakuambia kwa heshima zote: ulifanya kosa ambalo ulimzuia kila mtu mwingine kulifanya. Nimepita kijijini nikaona karatasi nyingi za mwandiko wako. Katika karatasi za watu wewe ni jirani, shahidi, mpimaji. Yako mwenyewe haipo. Kama Mama Kwandu angekuwa mtu wa kufungia vitumbua kwa karatasi zake, mwanao angekuwa amemlipa mtu mwingine kwa ajili ya ekari ya baba yake, na mimi ndiye niliyemwambia mambo ni safi.

Yaliyofuata yalichukua miezi mitano, na nakuandikia ili ujue kazi iliyotokana na baiskeli moja.

Gaudensi alikwenda mwenyewe mbele ya halmashauri ya kijiji kusema kwamba ekari ya mashariki si yake. Dalali alimfuata, akajaribu kumnong'oneza kwamba amelima pale zaidi ya miaka kumi na miwili, sheria inaweza kumpa. Mjumbe mmoja, karani mstaafu wa mahakama, alimsikia. Akamweleza kwamba aliyeingizwa na mwenye shamba kwa ruhusa ni mgeni tu, hata akae miaka mingapi. Lakini aliyemaliza maneno ni Gaudensi. "Nyamaza wewe," alimwambia dalali. "Mtu amenilisha, leo nimnyang'anye na sahani?" Akatia saini. Dalali sijamwona tena upande ule wa soko.

Ekari ilikuwa ya marehemu, kwa hiyo Yordana asingeweza kuingia tu na jembe. Kikao cha ukoo kilikaa barazani kwa wifi. Kaka yetu alikuja kutoka Mahenge, akataka kujua kwanza kama kulikuwa na baiskeli nyingine. Kikao kikampendekeza Yordana awe msimamizi wa mirathi, muhtasari ukaandikwa, wote wakasaini, ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Tangazo likabandikwa na kukaa muda wake ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hakujitokeza mtu. Nilikuwa napita kulitazama kila wiki, nikitoka kuandika habari za kesi nyingine, kama anayechungulia mtoto aliyelala.

Zile ekari mbili za Gaudensi, alizonunua kweli, Yordana alizinunua. Safari hii mkewe Gaudensi alikuja kwa miguu yake. Ikagundulika kwamba alitia dole kwenye karatasi aliyoletewa nyumbani akiwa anakaanga samaki, na hakuna aliyemsomea. Akataka asomewe kila mstari, akasimamisha kikao mara mbili kuuliza maana ya neno, akasaini kwa jina lake kamili. Mtendaji alichoka. Mimi nilitamani kumshangilia.

Kwa kuwa Yordana si mkazi wa kijiji, aliomba kwa barua na halmashauri ikamwita. Mwenyekiti wa kijiji alimwuliza ana uhusiano gani na Mchombe. Alikuwa amejiandaa, najua, tulifanya mazoezi njia nzima: kilimo, maendeleo, ushirikiano na wananchi. Akasimama mbele yao, akasema, "Baba yangu ana shamba hapa." Akakaa. Sijui kwa nini alisema "ana". Hakuna aliyemsahihisha.

Mwisho akaja ofisa ardhi na kifaa chake cha kupimia. Alianza na mto, kwa sababu sheria haitaki mtu alime ndani ya mita sitini kutoka ukingoni, na shamba likaonekana liko mbali kuliko hizo. Kisha akazunguka mipaka, majirani wote wakiwa wamesimama. Kifaa na miguu yako vilitofautiana kwa kiasi kidogo sana. Ofisa alisema ni kama upana wa ukingo wa jaruba, akauliza nani alipima mwanzo. Mama Kwandu akamjibu kwamba aliyepima alikuwa na hatua za kujifunza, na ofisa akaandika tu, hakuelewa.

Hati za kimila zimetoka. Ile ya ekari moja ina majina mawili, la mkeo na la Yordana, kwa sababu ukoo uliona hivyo na mimi nilishikilia hivyo. Ile ya ekari mbili ni ya Yordana na mumewe. Wifi ameomba nakala, ameibandika juu ya cherehani, na kila mteja anayekuja kupimwa gauni anasimuliwa kisa cha mwizi wa baiskeli. Kimeanza kukua. Wiki iliyopita nilisikia baiskeli ina kengele tatu.

Mvua zilianza siku nne baada ya hati kutoka.

Juzi nilikwenda kuwaona wakipandikiza. Walikuwa wanawake kumi na wawili kwenye mstari, tope magotini, wakirudi nyuma pamoja na kutaniana juu ya waume zao kwa maneno ambayo gazeti langu lisingeyapokea. Yordana alikuwa katikati, kichwa kimewazidi wote hata akiwa ameinama. Gaudensi alikuja na kikapu cha perege kwa ajili ya chakula cha mchana. Akapokelewa kwa kejeli nyingi, akazijibu zote.

Mama Kwandu akaja hadi mpakani. Alikuwa ametoka ofisi ya kijiji, kwa sababu na yeye sasa anataka hati, na alitaka kutupa taarifa.

"Karani ameniuliza jirani yangu wa kaskazini nani," akasema. "Nikamwambia Yordana. Akauliza, Yordana wa wapi? Nikamwambia wa hapa."

Yordana aliinama akaendelea kupandikiza. Ila mistari yake mitatu iliyofuata ilipinda, na wenzake walimwona, wakamwacha.

Nilitamani ungekuwepo. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Sasa nakuaga, Kaka. Wifi anakusalimu na bado anakuita mwongo, kwa sauti ileile aliyokuwa akikuitia chakula. Pumzika. Mwanao yuko kwake, na mvua zimemkuta kwake.

Ahadi yangu ni hii. Nina kiwanja Sanje, nilinunua miaka minane iliyopita kwa mfanyakazi mwenzangu. Tulipeana mikono, tukanywa chai, tukacheka. Karatasi sikuandika kwa kuwa tulijuana, na majirani sikuwaita kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kuwahi habari ya saa kumi. Sijawahi kumwambia mtu hilo, nawe hukuniuliza. Jumatatu naenda. Muuzaji yu hai na ana afya njema, na nataka anisainie angali hivyo.

Dada yako,
Melania